Nilivyoitoa nasaba ya ukoo kwenye hadi diski ya zamani

Kompyuta yenyewe ilishakufa siku nyingi. Ni ile ya mezani, ya Windows XP, tuliyokuwa nayo kwenye steshenari yetu ya Manzese enzi watu wanapanga foleni kuchapiwa barua za kuomba kazi na kadi za mchango. Pawa saplai ilipoungua, boksi likahamia uvunguni. Sasa ukoo umeitisha kikao, na kila mtu anaulizia ile nasaba ambayo marehemu mzee alinisomea nikaichapa, kuanzia mababu wa Utete mpaka sisi wa mjini. Nakala ya karatasi ililiwa na mchwa.

Fundi wa kwanza hakuuliza hata ndani kuna nini. "Braza, hii nakupigia Windows upya, inawaka leo leo." Nikaibeba nikaondoka. Kupiga Windows upya ni kuandika juu ya kile kile unachokitafuta, na mtaani wapo waliopoteza picha za harusi kwa huduma hiyo. Mimi sikuhitaji kompyuta iwake. Nilihitaji diski, na diski inatoka kwa kufungua skrubu nne.

Diski za enzi hizo ni za IDE, zenye safu mbili za pini kwa ajili ya waya mpana wa bapa, si SATA kama za sasa. Kariakoo, upande wa Aggrey, nilitafuta adapta, kifaa cha kuunganisha diski na tundu la USB la laptopu; vijana wa madukani waliniletea za SATA tupu, mpaka nikampata mzee mmoja aliyechomoa ya IDE kutoka droo ya chini. Ukinunua, hakikisha inakuja na chaja yake ya ukutani. Diski ya mezani ya inchi 3.5 inataka volti 5 na volti 12, na USB inatoa volti 5 tu. Bila chaja haizunguki, nawe utadhani imekufa. Ya laptopu, inchi 2.5, inatosheka na umeme wa USB.

Yangu ilizunguka, ila laptopu haikuiona. Kumulika vizuri, pini moja ya pembeni imelala. Nikabana simu mdomoni inipe mwanga, nikaiinua ile pini kwa ncha ya sindano ya cherehani, kidogo kidogo, kwa sababu ukiipindapinda inakatika. Bado kimya. Ikabaki jampa, kile kiplastiki kidogo jirani na tundu la umeme. Zamani diski mbili ziliweza kukaa kwenye waya mmoja, na jampa ndiyo iliyosema ipi ya kwanza, ipi ya pili. Yangu ilikuwa imewekwa ya pili. Mchoro uko kwenye lebo ya diski, nikaihamisha, ikaonekana.

Na hapo hapo Windows ikaniambia niifomati kwanza, yaani niianze upya kama diski tupu, ndipo niitumie. Watu wengi wanaponzwa na ujumbe huo. Kataa, chomoa.

Nikawasha laptopu kwa flashi ya Ubuntu, aina ya Linux inayowaka badala ya Windows, na sikugusa folda hata moja. Diski iliyolala miaka yote hiyo huenda inasomeka kwa mara ya mwisho, kwa hiyo usomaji huo uende kwenye kuinakili nzima, siyo kwenye kuchungulia. Nilitumia ddrescue:

ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

Kwanza hakikisha kama diski yako kweli ndiyo sdb, jina ambalo Linux imeipa. Uzuri wa programu hii ni kwamba inachukua kwanza sehemu zilizo salama, mbovu inaziacha za baadaye, na kila ilipofika inaandika kwenye lile faili la map. Umeme ulipokatika katikati ya kazi, laptopu ilikuwa na betri lakini diski ikazima. Uliporudi nikarudia amri ile ile, ikaendelea ilipoishia. Muda wote feni iliielekea diski, maana joto la chumbani kwangu mchana si mchezo.

Jirani alinishauri niitie kwenye friji usiku mmoja. Kwa unyevu wa Dar? Ukiitoa inatoka jasho, na maji na diski havipatani. Ikianza kugonga tiki-tiki, zima. Hiyo ni kazi ya maabara, na kifuniko usikifungue.

Nakala ilipokamilika nikanakili nakala yenyewe, ndipo nikaanza ukarabati. NTFS, mfumo ambao Windows hupangia mafaili, huweka akiba ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa patisheni, yaani fungu lake la diski, na programu ya TestDisk ikairudisha. Folda ya mzee ilikuwa imefungwa kwa nywila ya XP, lakini Linux haikuijali. Picha zilizokuwa zimefutwa nikazitafuta kwa programu ya PhotoRec; zilirudi bila majina yake, kuzipanga bado naendelea. Nasaba ilifunguka kwenye LibreOffice, programu ya nyaraka, bila shida, na hata zile kadi nilizotengeneza kwa PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, zimefunguka, ingawa herufi zimehama hama.

Nikairusha kwenye grupu la ukoo. Shangazi akapiga simu kabla sijaweka chaji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huyo mke wa tatu wa babu yenu, baba yako kamtoa wapi?"

Kikao kimesogezwa mbele mpaka wazee wa Utete watoe jibu.