Siku Moja Barabarani na Mbwa Wawili: Kutoka Amarillo hadi Santa Rosa

Saa kumi na moja alfajiri hapa Amarillo, Texas, ni saa saba mchana nyumbani Mugumu, wilayani Serengeti, na ndiyo maana siku yangu ya kazi huanza kwa ujumbe wa daktari wa mifugo. Leo alituma picha tatu. Katika mojawapo, mvulana aliyevaa sare ya shule ameshika kamba ya katani iliyofungwa shingoni mwa mbwa wa kahawia, na kwa mkono wa pili ameinua cheti cha chanjo ambacho ndiyo kwanza kimejazwa. Niliitazama picha hiyo gizani kwa muda, kisha nikashuka kitandani taratibu ili nisimkanyage Tunu, ambaye hulala kwenye kijia chembamba kati ya kitanda na jiko.

Mimi na mume wangu tumo katika siku ya 11 ya safari ya kuivuka Marekani kwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na matangi ya maji humo humo. Tunafuata barabara kuu namba 40, inayoanzia Wilmington, North Carolina, na kuishia Barstow, California, mwendo wa takriban kilomita 4,100. Tumeandamana na mbwa wetu, Tunu na Bosi, na kila tunaposimama tunachangisha fedha za chanjo ya kichaa cha mbwa kwa ajili ya vijiji vya Mara. Petroli, chakula na ada za kambi tunalipa wenyewe kutoka katika akiba ya miaka mitatu. Tulikubaliana kabla ya kuondoka kwamba fedha za mchango hazitanunua hata lita moja ya mafuta, ingawa gari hili humaliza lita moja kwa kila kilomita nne, na naamini uamuzi huo ndio unaoniwezesha kumtazama mtu machoni ninapomwomba.

Saa kumi na mbili na nusu niliwatembeza mbwa kuzunguka kambi huku kukiwa bado na giza. Mume wangu alibaki nyuma kumwaga maji machafu, kazi ambayo hakuna msafiri wa gari-nyumba anayeikwepa. Kuna matangi mawili, moja la choo na moja la sinki na bafu. La choo hufunguliwa kwanza, na likishakwisha ndipo hufunguliwa la sinki, ili maji yale ya sabuni yausafishe mpira wa maji taka yanapopita. Huvaa glavu, hufunga kila kifuniko mara mbili, na hunawa mikono hadi kwenye viwiko. Baada ya hapo tulichomoa waya wa umeme na mpira wa maji safi, tukafunga makabati yote kwa vikulabu, na saa mbili kamili tukaondoka.

Upepo wa eneo hili la Texas hauna mchezo. Nyanda ni tambarare hadi upeo wa macho, mitambo ya upepo imesimama mistari kwa mistari, na gari refu kama letu husukumwa ubavuni kana kwamba kuna mtu analiegemea. Mume wangu hushika usukani kwa mikono yote miwili na hatuzungumzi sana. Mbwa husafiri wakiwa wamefungwa mikanda maalumu ya kifuani iliyounganishwa na viti, kwa kuwa breki moja ya ghafla inaweza kumrusha mbwa wa kilo 25 hadi kwenye kioo cha mbele.

Saa tatu tulisimama Adrian, mji mdogo unaojulikana kuwa katikati kabisa ya ile barabara ya zamani namba 66: maili 1,139 kutoka Chicago na maili 1,139 kutoka Los Angeles. Wasafiri husimama kupiga picha kwenye kibao, na Bosi, ambaye hana haya kwa wageni, huwafuata mmoja mmoja. Mzee mmoja mwenye kofia pana alisoma maandishi ya ubavuni mwa gari letu, akaniambia kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye ranchi kusini mwa jimbo hili. Anakumbuka mwaka 1995, ndege zilipoanza kudondosha chambo chenye chanjo ili kiliwe na koyoti, wanyama wa porini wa jamii ya mbwa, kwa sababu kichaa kilikuwa kimewaingia na kilikuwa kinawarudia mbwa wa nyumbani. Alieleza kwa utulivu wa mtu aliyeona kwa macho yake. Mwaka 2007 Marekani ilitangaza kwamba aina ya kirusi inayoenezwa na mbwa kwa mbwa imetokomezwa nchini humu, na sasa hatari imebaki kwa popo, vicheche, rakuni na mbweha. Mzee alitia noti ya dola 20 kisandukuni. Mimi, kwa kweli, ningeridhika na simulizi yake peke yake, kwa maana ndani yake mna jibu kwa wanaodhani ugonjwa huu ni mapenzi ya Mungu yasiyozuilika.

Tulipofika Glenrio, kijiji kilichohamwa kwenye mpaka wa Texas na New Mexico, saa nne na dakika ishirini iligeuka kuwa saa tatu na dakika ishirini, kwa kuwa huko saa hurudishwa nyuma. Tulishuka kwa dakika chache, na Tunu hakumaliza hata hatua kumi kabla ya kuinua mguu wa mbele na kusimama.

“Baba, lete koleo ndogo,” nilimwita mume wangu, nikapiga magoti.

Kati ya vidole vyake palikuwa na mwiba wenye pembe mbili, mgumu, wa rangi ya majani makavu. Nilipouchomoa nikauweka kiganjani, nilistaajabu: ni mbigiri, mbigiri ile ile iliyonichoma miguu tangu utotoni nikienda kisimani. Mmea huu ulitoka pande zetu za dunia na sasa umetapakaa katika ardhi kavu ya New Mexico. Niliosha unyayo wa Tunu kwa maji ya uvuguvugu, nikaukausha, nikakagua miguu mingine mitatu.

Tucumcari tulifika saa nne na kitu. Mwenye duka moja alikuwa ameturuhusu tangu wiki iliyopita kutumia sehemu ya maegesho yake, maana hatuchangishi mahali popote bila ruhusa. Tulitandaza turubai, tukaweka meza, kisanduku cha mbao chenye kufuli, na kibao cha msimbo wa kulipia kwa simu. Kadiri jua lilivyopanda niliwapumzisha mbwa kwa zamu ndani ya gari, jenereta na kiyoyozi vikiwa vinafanya kazi na mmoja wetu akiwa pamoja nao. Ndani ya gari lililofungwa joto huweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na binti mdogo aliniuliza, bila ubaya, kwa nini nahangaikia mbwa ilhali huko kwetu kuna watu wenye shida. Swali hili huulizwa kila siku, nami huchukua muda wangu kulijibu. Nilimweleza kwamba kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa, na kwamba dalili zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Nilimweleza pia habari za kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyeng'atwa kwenye ugoko akiwa na miaka minane. Jeraha lilikuwa dogo, likapakwa dawa ya majani, likapona, na sote tukasahau. Wiki kadhaa baadaye aliletewa maji kikombeni akashindwa kuyameza, mwili wote ukimtetemeka kwa kuyaona tu. Laiti mtu mmoja angejua kwamba jeraha huoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto akakimbizwa kuchomwa sindano! Na laiti mbwa yule angekuwa amechanjwa. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo ninapomchanja mbwa wa Mugumu, ninamkinga mtoto anayelala naye uani. Yule mama hakusema neno. Alimpa bintiye noti aitie kisandukuni mwenyewe, naye binti akaomba kumshika Bosi masikio.

Saa tisa na nusu tulikunja turubai. Safari ya Santa Rosa ni ya saa moja tu, na tulifika kambini kabla upepo wa jioni haujaanza. Mume wangu alisawazisha gari kwa vipande vya mbao chini ya magurudumu, nami nikapika ugali na maharage. Mbwa walikula, wakatembezwa, wakachanwa manyoya. Nilitafuta kupe hadi ndani ya masikio.

Saa mbili usiku tulifungua kisanduku pamoja, kama tufanyavyo kila siku, kwa maana mtu mmoja hahesabu fedha za umma peke yake. Noti zilikuwa dola 241, sarafu dola 9, na za simu dola 136. Tuliandika katika daftari jumla ya 386, tukatia saini wote wawili, nikapiga picha ya ukurasa.

Saa nne usiku, ambayo ni saa moja asubuhi Mugumu, nilimtumia daktari picha hiyo. Alijibu papo hapo kwamba anafunga kisanduku cha barafu kwenye pikipiki, kwani chanjo lazima ifike kijijini ikiwa bado ya baridi, na kwamba vijana wameshapita na kipaza sauti kuwatangazia watu. “Mama, leo natarajia wengi,” aliandika. Nilimtakia kazi njema, nikamsogeza Tunu kidogo ili nipate pa kupitisha mguu, nikazima taa.