Tupa Iliponidanganya

Mabapa ya visu yalikuwa sita, yote nimeyakata kwenye mche mmoja wa chuma cha 1095, chuma chenye kaboni nyingi, yote kwa kiolezo kimoja. Saa sita mchana nilianza kuyachoma ili yawe magumu, tanuru likiwa uani, na la mwisho nikalizamisha kwenye mafuta giza limeshaingia. Nilikuwa nimechoka ila nina raha, maana oda ile ya visu sita ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata.

Raha ikaisha niliposhika tupa kuyapima: kwenye bapa gumu tupa huteleza, kwenye laini hung'ata. La kwanza, tupa ikang'ata. La pili ikang'ata, la tatu vilevile. La nne likanishangaza: tupa iliteleza juu ya makali kama inapita kwenye kioo, na ule mlio mwembamba ambao kila mfua visu anaujua. Nikajua mambo yamekaa sawa. Kumbe la tano na la sita tupa ikazama tena kama kwenye msumari wa kawaida.

Moja kati ya sita, na chuma ni kilekile! Nikalirudisha la kwanza motoni, safari hii nikalikawiza zaidi ili liive vizuri, nikalizamisha. Likatoka na magamba meusi mazito, na tupa ikang'ata kuliko mwanzo. Hapo nikampigia simu aliyeniuzia mche. Sitayarudia niliyomwambia, itoshe kwamba neno “feki” lilikuwamo. La nne nikalitia oveni peke yake ili lisivunjike kirahisi, nyuzi 200 za Selsiasi, kwa saa mbili, kisha nyingine mbili, nikaenda kulala na hasira zangu.

Asubuhi akaja mzee aliyenifundisha kazi. Nilitarajia aniulize habari za chuma, au za mafuta. Yeye akauliza, “Ulianza saa ngapi?”

Nikamwambia.

“Na la nne ulilichoma saa ngapi?”

“Jua lilikuwa linazama, mzee.”

Akacheka peke yake, akachukua bapa la pili, akalipeleka kwenye jiwe la kusagia. Hakulisaga sana, ni ngozi tu ya juu, unene wa kama karatasi mbili tatu. Akanirudishia. “Haya, pitisha tupa yako.”

Ikateleza.

Nilirudia mara tatu nisiamini. Bapa lilikuwa gumu tangu jana. Kilichokuwa laini ni ngozi. Chuma kikikaa motoni kupita kiasi, kaboni ya juu juu huungua ikatoka, na bila kaboni hakuna cha kukifanya kigumu. Tupa ilikuwa inang'ata ganda, mimi nikahukumu kiini. Na nilipolirudisha la kwanza motoni, nilikuwa naliongezea ganda.

“Usifurahi bado,” akasema. Akalifunga la kwanza kwenye jiliwa, akalifunika kitambaa, akaligonga nyundo moja. Likavunjika kama kigae. Akanionyesha mahali lilipokatikia: punje kubwa zinazometameta, mfano wa sukari. Chuma kilichoivishwa sawasawa hukatika kikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, laini machoni, punje huzioni. Kisha akalifunga la sita, akaligonga vilevile. Lenyewe likapinda tu, likabaki limepinda.

Hapo ndipo nilipoelewa lile swali la saa. Kwenye jua kali, chuma chekundu huonekana cheusi. Mchana nilikuwa nasubiri wekundu niliouzoea, nao ulipojitokeza moto ulikuwa umeshapita mbali. Gizani mambo yakageuka: wekundu hafifu ukanipofusha kwa kung'aa, nikazamisha mapema kabla chuma hakijabadilika ndani. La nne lilibahatika tu kuangukia katikati. Jicho langu lilikuwa lilelile, mwanga ndio uliokuwa unahama.

Tukalivuta tanuru kivulini, ndani ya banda. Sumaku nilikuwa nayo siku zote, imening'inia ukutani kama pambo. Karibu nyuzi 770 huacha kukamata chuma, na 1095 inataka kupita hapo kidogo, kama 800 na ushei, basi. Lakini mzee alinifundisha kitu kizuri kuliko sumaku: kutazama kivuli. Bapa likikaribia joto linalotakiwa, wingu jeusi hutembea ndani ya wekundu, kama mtu amepita nyuma ya pazia. Wingu likishafifia lote, bapa likabaki rangi moja kutoka ncha hadi mkia, unazamisha. Na bila kusuasua, maana 1095 haikupi hata sekunde nzima ya kushuka hadi nyuzi 540.

La pili na la tatu tuliyatuliza kwanza, mara tatu motoni na kupoa hewani, kila mara moto mdogo kuliko uliotangulia, ili zile punje zirudi kuwa ndogo. La sita tukalinyoosha. Mafuta tukayapasha hadi vuguvugu la nyuzi 50 hivi. Yakiwa baridi huwa mazito, hayakimbizi joto upesi. Jioni, tulipokwisha kusaga ngozi ya juu, tupa iliteleza kwenye yote, isipokuwa mahali padogo kama ukucha kwenye mkia wa la tano, koleo lilipokuwa limeshika. Mpini ungepafunika.

Ikabaki simu. Muuzaji aliipokea, akanisikiliza nikijiumauma, akasema hamna neno. Akaniuliza kama nahitaji kitu. Nikamwambia ndiyo, kipande cha mche uleule, cha kutosha bapa moja.