Starehe ya Baba

Nimelala nalo, nimekwenda nalo kazini, nimerudi nalo nyumbani, halitoki. Neno la Shangazi la Jumapili. Baba Watoto ameshalisikia mpaka akiniona nafungua mdomo anawahi kusema pole. Naliandika hapa, huenda likapata pengine pa kukaa.

Shangazi mnamjua. Ndiye aliyetulea mwaka ule Mama alipokwenda kumuuguza Bibi, na ndiye anayeamka kabla ya alfajiri kumwombea kila mmoja wetu kwa jina lake. Nampenda na nitampenda. Alikuja kutoka Muheza kumwona Baba, anayetibiwa saratani, kaleta machungwa nusu gunia ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi hata kuyaonja, na majani makavu ya mstafeli yamefungwa kwenye gazeti. Baba alikuwa kibarazani, kaketi kwenye kile kiti chake cha kamba. Mimi natoka jikoni na glasi ya juisi ya stafeli, baridi, ina povu juu. Shangazi akanyoosha mkono akaipokea kabla haijamfikia Baba. Akainusa.

"Umetia na majani?"

"Hapana, Shangazi. Tunda lenyewe, maziwa na hiliki kidogo."

"Na mbegu je, umesaga humo?"

"Mbegu nimezitoa zote."

Akanirudishia glasi. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, na ule upole ndio ulionichoma: "Kumbe we mwenzetu unampa starehe. Sisi huku tunautafuta uzima wake."

Wifi alikuwepo. Mama wa nyumba ya jirani alikuwepo. Watoto walikuwepo. Nikampa Baba glasi yake, nikarudi jikoni, nikaiosha blenda ambayo nilikwisha kuiosha.

Majibu yamekuja baadaye, kituoni, kazini, usiku wakati wa kuchomekea chandarua. Ningemwambia: Shangazi, uzima tunautafuta Jumatatu mpaka Ijumaa, tunatoka Kimara kukiwa bado giza ili tuwahi foleni ya mionzi hospitali ya Ocean Road. Ningemwambia wiki hii mvua ilipofunga barabara ya Jangwani tulizunguka Mwenge mpaka Daraja la Tanzanite, Baba kajiegemeza kwenye kioo cha gari, na bado tuliwahi. Ningemwambia nani anashika faili, nani anauliza maswali kwa daktari, nani anaandika kwenye daftari uzito wake kila akipimwa. Posa ya mdogo wetu imekubaliwa Korogwe, mimi nimepewa barua ya kuhamia kitengo cha manunuzi, na yote hayo nimeyasikia kwa sikio moja, kwa sababu la pili linasikiliza Jumapili. Unampa starehe. Narudia tena namna alivyoinusa ile glasi, na alivyonirudishia bila kunitazama.

Na stafeli lenyewe si wazo langu. Alilitaka Baba.

Mionzi ya koo inachubua ndani. Wenye mgonjwa wa namna hii wanajua: chakula kinakuwa adui, tena kile alichokipenda ndicho kinaanza kumkataa. Baba wa pasheni, Baba wa ukwaju, Baba aliyekuwa akitafuna nanasi na chumvi mpaka ulimi unawaka, vyote hivyo sasa vikigusa koo anafumba macho. Uji anasema unapita kama mchanga. Tukaambiwa vitu laini, vya baridi, visivyo na uchachu mkali, vyenye nguvu ndani yake. Nikaanza na papai na ndizi mbivu kwenye maziwa. Ikapita. Nikaongeza parachichi, ikapita pia, mpaka jioni moja akanyanyua kiganja, akasukuma kikombe polepole, akasema, "Mama, hii nimeshiba hata kuiona." (Mimi ndiye niliyerithi jina la mama yake, kwa hiyo kwake mimi ni mama tangu nazaliwa.) Kisha akanyamaza kidogo, halafu: "Lile stafeli la kisimani mnalikumbuka?"

Sisi hatulikumbuki, ule mti ulianguka kabla hatujazaliwa. Ila yeye aliuona mbele ya macho yake. Akatueleza Bibi anavyolivunja kwa mikono, analivuruga kwenye bakuli na maji ya mtungi, anachuja kwa kifumbu kilekile cha nazi. Aliongea maneno mengi kuliko aliyoongea wiki nzima, na koo lile lile linalouma. Kesho yake nikapita Mabibo.

Nimejifunza kulichagua. La kijani kibichi linalong'aa, miiba imekaza na kubanana, bado. Unalitaka lile lililoanza kupoteza mng'ao na kuwa la manjano kidogo, miiba imeachana na imelainika, ukilibonyeza kwa dole gumba linaitika. Likiwa gumu liache juu ya meza, siku chache linaiva. Usiliweke kwenye friji kabla halijaiva, ganda linakuwa jeusi na haliivi vizuri tena. Likishaiva halikusubiri: leo limefika, kesho limepitiliza, lina harufu ya kuchacha. Kwa hiyo mimi natazama stafeli asubuhi kabla sijatazama simu.

Kisu hakihitajiki. Linapasuka kwa mkono, ganda linabanduka lenyewe, ule mti wa katikati unautoa. Nyama nyeupe natia kwenye bakuli kubwa, namimina maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha naingiza mikono niliyoinawa vizuri na kuanza kukamua. Hapa ndipo kazi ilipo na hapa ndipo penye raha. Mbegu ni nyingi, nyeusi, zinateleza kutoka kwenye vifuko vyake moja moja, na kila moja lazima itoke. Zile si za kusaga na si za kumeza. Blenda hairuhusiwi kukaribia mpaka nimepitisha vidole mara ya mwisho na kuchuja kwa chujio la matundu makubwa, maana dogo linazuia ute wote na ute ndio utamu. Baada ya hapo kwenye blenda: rojo, sukari kiasi, hiliki iliyotwangwa, na maziwa ya baridi mwisho kabisa. Maziwa yakitangulia na yakakaa na ule uchachu yanaanza kukatika. Zungusha muda mfupi tu, mimina, mnywaji anywe hapo hapo. Ikikaa inapoteza weupe wake.

Na barafu. Barafu nagandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, kwenye vibakuli vya plastiki vyenye mifuniko, kwa sababu mwili wa Baba sasa hivi hauna nguvu ya kupigana na tumbo la kuendesha. Kipande cha barafu ya mtaani hakiingii glasi yake. Wifi anajua, watoto wanajua, hata wageni nawaambia.

Sasa mnielewe kwa nini lile swali la mbegu lilinishtua. Usagie mbegu! Pale Mabibo muuzaji alinifuata na shada la majani: "Chukua na haya, mama, dawa ya saratani hii, wenzio wanachukua." Kwenye kundi letu la familia ujumbe huo unazunguka kila mwezi, kwamba stafeli linashinda dawa za hospitali mara elfu kumi, na kila mara kuna mtu anauleta kana kwamba ni habari mpya. Baada ya Jumapili nilikaa nikasoma, nikasoma tena. Kilichopo ni hiki: kwenye maabara, viini vilivyokamuliwa kutoka majani na mbegu vimeua seli za saratani ndani ya vyombo. Kwa mgonjwa, mtu mwenye damu na maini na figo, hakuna jaribio lililothibitisha kwamba vinaponya. Na upande wa pili upo. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibiani, waliandika kuhusu wagonjwa wenye dalili za kukakamaa na kutetemeka zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, ambao walikuwa wakila matunda ya jamii hii na kunywa chai ya majani yake kwa mazoea ya muda mrefu. Kuna kiini ndani ya mmea huu kinachodhuru seli za ubongo kikizidi. Nesi mmoja nilimuuliza, akanijibu bila kuzunguka: juisi ya tunda kwa kiasi, mara chache kwa wiki, anywe kama chakula; majani na mbegu asipewe; na chochote kile kisimfanye akose kikao cha mionzi.

Nilikuwa nimepanga kumpigia Shangazi nimsomee yote hayo. Nimeyaandika hata pembeni ya daftari la uzito, nikapigia mstari ile 1999. Nilitaka asikie na aone aibu kidogo, nasema kweli.

Juzi jioni umeme ukakatika nikiwa tayari nimeshakamua. Blenda ipo, rojo ipo, na Baba yuko kibarazani ananisikiliza, kwa sababu ile sauti ya blenda ndiyo kengele yake. Nikasema basi, naichanganya kwa mwiko kama Bibi. Nikavuruga kwenye bakuli, nikatia maziwa kidogo kidogo, ikatoka nzito, ina nyuzinyuzi, haina povu. Nikampelekea nikimwambia, "Baba, leo haikusagwa."

Akanywa. Akashusha glasi, akaishika kwa mikono miwili juu ya goti. Nikasubiri afumbe macho, maana siku hizi namtazama machoni kila anapomeza. Hakufumba. Akasema, "Hii ndiyo ya kisimani." Akanywa tena mpaka nusu. Kisha akanyoosha glasi kwangu, bila haraka, kama zamani alivyokuwa akitudai chai ya pili.

"Ongeza barafu, mama."

Basi nikaenda kuleta barafu, na njiani kati ya kibaraza na jikoni nikajikuta nacheka peke yangu gizani. Nikamwongezea vipande viwili vikubwa. Akavitikisa avisikie vinavyogonga kioo. Mdogo akaja akakaa miguuni pake, akapewa kipande akinyonye, wakawa wanashindana nani kitamwisha kwanza mdomoni, mzee na mjukuu. Sikumbuki mara ya mwisho Baba alicheza na mtu.

Starehe ndiyo hiyo, Shangazi. Umeiita jina lake hasa. Mwaka huu wote kila kinachoingia kinywani mwa Baba kina kazi: hiki cha damu, hiki cha kichefuchefu, hiki cha maumivu, hiki cha kuongeza uzito. Hata maji anakunywa kwa maagizo. Glasi moja isiyo na kazi yoyote, inayopita kooni kwa sababu ni tamu na ni baridi na inamrudisha kwenye kisima cha mama yake, hiyo nitaendelea kumtengenezea, na kama kuna siku koo litakataa stafeli nitatafuta tunda jingine. Nimemwambia Wifi tujaribu tikiti na mnanaa, na dafu lenye nyama laini tulisage pamoja na barafu. Embe tusubiri msimu.

Jana nimempigia Shangazi. Daftari lilikuwa mbele yangu, limefunguka pale pale. Nikamwambia Baba amekunywa glasi nzima na nusu ya pili. Kimya. Halafu akauliza, "Ya stafeli la wapi?" Nikamwambia la Mabibo. Akasema hayo ya huko yamechumwa mabichi, mastafeli ya nyumbani yakianza kuiva atampa kondakta wa basi la asubuhi, nikayapokee stendi, na niyafunge kwenye khanga yasipigane. Mambo ya Guadeloupe sikuyasema jana. Kuhusu majani nilimwambia wazi kwamba Baba hatapewa, hospitali hawataki, akajibu, "Haya, mwanangu, nyie ndio mnaomwona kila siku." Tukaagana kwa dua.

Kwa hiyo nilidhani leo nitalala. Lakini wakati napanga nauli za kesho kwenye kile kikopo cha juu ya friji nimekuta hela za Mkubwa za wiki nzima zipo vilevile nilivyozikunja. Skuli yao ni mbali, hakuna njia ya kwenda kwa miguu akafika kwa wakati, na mvua hii yote. Anatoka na sare kila asubuhi, anarudi jioni, viatu vikavu. Kesho Baba ana mionzi saa moja, siwezi kumfuata. Nimeshagonga mlango wa chumba chake, kalala au anajifanya kalala.