Siku moja gereji Chake: gari inayozima ikisimama

Saa 1:30 asubuhi nafungua gereji hapa Machomane, Chake Chake, Pemba. Kijana wangu keshafagia, keshamwaga mchanga palipovuja oili jana. Chai, mandazi na mbaazi za nazi.

Saa 2:15 anaingia Maalim mmoja kutoka Wete na Toyota IST yake, injini ya 1NZ. Salamu hazijaisha, gari imezima.

"Fundi, njiani inakwenda vizuri, milima yote napanda. Nikisimama tu inatetemeka, inazima. Nikiwasha kiyoyozi ndiyo hata dakika haifiki."

Namuuliza keshabadilisha nini. Plagi zote nne. Pampu ya mafuta. Na fundi wa mwanzo kaikaza skrubu ya throto, kile kilango cha hewa ya injini, ili sailensi, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, ipande. Hapo nikameza mate. Skrubu ile imepangwa kiwandani. Ukiichezea, throto haifungi sawasawa, na kompyuta ya gari haijui tena kama dereva kaondoa mguu.

Saa 3 nimeirudisha skrubu pahala pake na kufungua throto bodi. Kaboni nyeusi tititi. Dawa ya kusafishia na mswaki mkongwe, nusu saa nzima, mpaka njia ya hewa ya sailensi. Nikawasha: mizunguko 550 kwa dakika, inapanda 600, inashuka. Gari hii ikiwa nzima inakaa karibu na 700. Uchafu ulikuwepo, lakini mwizi si yeye.

Saa 4, mashine ya kupimia. Kodi, yaani namba ya hitilafu, ni P0171: hewa nyingi, mafuta kidogo. Kijana akadakia, "Pampu hiyo, fundi!" Nikamwambia asome kwanza kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani. Kwenye sailensi, asilimia 25. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500, ikashuka hadi asilimia 6. Pampu dhaifu huwa kinyume: ukikanyaga ndipo upungufu unapozidi. Hii ni hewa inayopenya uani bila kupita kwenye sensa inayopima hewa. Injini ikiwa sailensi inavuta pumzi kiduchu, kwa hiyo kitundu kidogo tu kinaivuruga. Throto ikifunguka, hewa ya halali inakuwa nyingi, ile ya wizi inamezwa. Ndiyo maana Maalim anapanda milima asione kitu.

Saa 5 yote ikaliwa na kutafuta. Jirani yangu mchomeaji alikuwa anakata vyuma. Nikamwomba azime grenda dakika tano. Ssss. Nyuma ya manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye injini. Nikapuliza dawa kidogo sana, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mguuni (dawa hii na injini ya moto hazina urafiki), mizunguko ikaruka. Ni mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini, pale kwenye kona. Kwa juu mzima kabisa. Kwa chini umepasuka kama kisigino, kidole ndicho kilichouona. Nikaubana kwa koleo, injini ikatulia. Maalim akasema "Alhamdulillahi" kabla sijafungua mdomo.

Adhuhuri, swala, wali na samaki.

Saa 8. Maduka ninayoyategemea hapa Chake hayana. Mpira wa maji siuweki, mvuke wa oili unaulainisha. Kuagiza Unguja ni kusubiri boti. Nikakumbuka IST iliyogongwa kwa mwenzangu Wawi. Kijana akaenda na baiskeli, akarudi na mpira mzima, shilingi 10,000.

Saa 9:30 nimefunga, nimefuta kodi. Kiyoyozi juu, gia kwenye D, mguu kwenye breki: 700, asilimia 3. Tukaenda mpaka Gombani na kurudi, kila penye nafasi nasimama makusudi. Karafuu zimeanikwa majamvini kando ya barabara, harufu imejaa ndani ya gari. Haikuzima hata mara moja.

Wakati wa kulipa Maalim akaniuliza ile pampu ya zamani ilikuwa na ugonjwa gani. Nikamwambia kama bado anayo, aiweke vizuri. Akasema fundi yule aliondoka nayo.