Kenya Airways na sahihi ya mdhamini

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa kwenye kamati ya mikopo ya sacco yetu hapa Mombasa, na kazi hiyo imenifanya nizisome habari za Kenya Airways tofauti na ninavyozisikia redioni. Kila hesabu za shirika zinapotangazwa, mabishano ni yaleyale: serikali iliokoe au iliache lianguke? Mmoja anasema ni fahari ya taifa, mwingine anasema ushuru wa mama mboga si wa kuwapeleka wenye pesa Paris. Wanabishana kana kwamba uamuzi bado. Mimi naona ulishafanywa mwaka 2017, siku serikali ilipokubali kuwa mdhamini. Baada ya hapo tulikuwa tunangoja bili.

Kwenye kamati, fomu ikiletwa tunaangalia pesilipu kwanza, kama baada ya makato itabaki theluthi ya mshahara. Kisha tunafungua ukurasa wa wadhamini, na hapo ndipo tunapokaa. Huwa nawaita wadhamini wenyewe nikawauliza: mwalimu, huyu mwenzako akiacha kazi, unajua akiba itakayokatwa ni yako? Wengi hushtuka. Walidhani wanamsindikiza rafiki tu. Mwenzetu mmoja alikatwa akiba aliyoiweka kwa ajili ya karo ya bintiye, kwa mkopo wa mtu waliyekaa naye meza moja katika chumba cha walimu na ambaye simu yake haikupatikana tena. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hiyo aliyekaa matangani alikuwa mdhamini peke yake.

Kenya Airways ilianzishwa 1977, East African Airways ilipovunjika pamoja na Jumuiya ya zamani. Mwaka 1996 ikabinafsishwa: KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakachukua karibu robo, wananchi wakauziwa hisa, na kwa miaka mingi ilikuwa kampuni ya kujivunia. Halafu ukaja Mradi wa Mawingu, mpango wa kuongeza ndege na safari kwa kasi kubwa, kwa pesa za kukopa. Ndege mpya ya kwanza aina ya Dreamliner ilipowasili Nairobi Aprili 2014, mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Uwanja wa ndege wa JKIA jijini Nairobi ulikuwa umeungua Agosti 2013, jengo la maduka la Westgate likashambuliwa na magaidi mwezi uliofuata, wageni wakaonywa na serikali zao wasije (hoteli zilizofungwa huku pwani niliziona kwa macho yangu), na baadaye mwaka 2014 Ebola ikafunga njia za Liberia na Sierra Leone. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2015 ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Mwaka uliofuata, bilioni 26.2.

Mwaka 2017 madeni yakapangwa upya. Benki za humu nchini ziligeuza madai yao kuwa hisa na kupata asilimia 38.1, serikali ikapanda hadi 48.9, KLM wakashuka hadi 7.8, na wenye hisa wadogo wakabakiwa na chembe. Upande huo siulalamikii. Aliyekopesha na aliyenunua hisa waliingia wakitaka faida, basi hasara ikija iwaguse wao kwanza. Kinachonikera ni karatasi ya pili, ile ya dhamana ya serikali kwa mikopo ya dola milioni 750: milioni 525 za benki ya Exim ya Marekani kwa ajili ya ndege, na milioni 225 za benki za hapahapa. Bunge liliipitisha katika mwaka wa uchaguzi, nchi nzima ikiwa macho kwenye kampeni. Siku ile haikutoka senti Hazina, kwa hiyo hakuna aliyeita hiyo pesa ya ushuru. Hakuna mwananchi aliyeitwa akaulizwa kama ninavyowauliza wadhamini wangu. Kisha corona ikaja, ndege zikaegeshwa, shirika likashindwa kulipa deni la Exim, na Hazina ikalibeba kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2022 pekee hasara ilifika bilioni 38.3.

Kwa mwaka 2024 shirika lilipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11, na hisa zake zikarudi sokoni Januari 2025 baada ya kusimamishwa tangu 2020. Nilifurahi, nasema kwa dhati. Marubani wale na mafundi wale ni watoto wetu tuliowafundisha. Lakini faida ile ilisaidiwa na shilingi iliyopata nguvu mbele ya dola, na pia ukweli kwamba deni zito lilikuwa limehamia kwetu. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi hasara ya zaidi ya bilioni 12, Dreamliner tatu zikiwa zimekaa chini.

Sisemi serikali isinusuru kampuni yoyote. Maua ya Naivasha yanayouzwa ng'ambo lazima yaruke usiku huohuo, na nchi isiyo na ndege zake hupangiwa nauli na ratiba na wengine. Jirani zetu Ethiopia wana shirika la serikali tupu na linapata faida, kwa hiyo hata umiliki wa serikali si ugonjwa wenyewe. Tazama Ujerumani: mwaka 2020 Lufthansa ilipokwama, msaada wa euro bilioni 9 uliandaliwa. Serikali ikachukua asilimia 20 ya hisa kwa bei ya chini, ikazuia gawio na marupurupu ya wakubwa, mikopo ikarudishwa, na kufikia 2022 hisa zote zilikuwa zimeuzwa kwa faida ya umma. Masharti yaliwekwa mkopaji akiwa bado anaomba. Ukimwuliza masharti baada ya kusaini, hakusikilizi.

Kwetu tumejaribu pia njia ya kumwaga pesa kidogo kidogo. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kupewa mabilioni ya serikali mwaka 2015, na 2019 benki ikakiweka chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mkopeshaji ili adai deni lake, kisha kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda. Maduka ya Nakumatt nayo hayakupewa kitu, na yalipofungwa 2020 walioyauzia maziwa, mkate na sabuni walibaki wanadai mabilioni. Kwa hiyo anayesema "iache ife" aseme pia nani atawalipa wale.

Ninachotaka ni dhamana ihesabiwe kuwa matumizi siku inapotiwa sahihi. Kama ni dola milioni 750, basi sehemu ya fedha hizo iandikwe kwenye bajeti ya mwaka huohuo kama pesa ambayo huenda tukailipa, kando ya dawa na vitabu vya shule, ili mbunge anayenyoosha mkono aone anachokipunguza. Juni 2024 vijana walijaa barabarani, hapa Mombasa pia, kuukataa Mswada wa Fedha uliotaka kutoza mkate VAT. Wakati huohuo nchi ilikuwa inalipa deni la ndege ambazo wengi wao hawajawahi kuzipanda, na katika hotuba za siku zile sikusikia kiongozi akiyataja mambo hayo mawili pamoja.

Kifungu cha 213 cha Katiba kinaitaka serikali itoe ripoti ya dhamana ilizotoa mwaka huo ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Agosti. Nawaomba wenzangu, hasa nyinyi walimu wa hisabati na biashara, muisome. Miongoni mwa waliodhaminiwa na serikali imo pia bandari yetu. Kituo kipya cha makontena Kilindini kilijengwa kwa mkopo wa Japani uliodhaminiwa na serikali, na huo ningeutilia sahihi hata leo, kwa sababu meli zinazolipa ada unaziona zikipanga foleni baharini. Kenya Airways sasa inatafutiwa mwekezaji mkubwa, na sitashangaa naye akija na ombi la dhamana. Likifika bungeni, nataka mbunge wangu asimame aulize deni litalipwa na mapato gani, wakurugenzi na wakopeshaji watapoteza nini kabla yetu, na kikomo cha kiasi tutakachobeba ni shilingi ngapi. Akikosa majibu, asipige kura ya ndiyo.