Deni la mtamba

Jana Mama kapiga simu kutoka Tukuyu: ng'ombe kazaa. "Dume tena," akasema, akacheka. Mimi mawazo yakanirudisha ukumbi ule wa kanisa.

Kuna miaka niliishi Mississippi, kule Marekani. Jioni moja mama mwenye nyumba alinibeba kwenda karibu na Ruleville, kutazama mchezo wa mwigizaji mmoja tu, juu ya Fannie Lou Hamer, mwanamke mweusi aliyepigania haki ya kupiga kura, aliyezikwa hapohapo mwaka 1977. Jukwaani kiti kimoja na mkoba. Akaanza: Agosti 1962, basi la kwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura; siku hiyohiyo Hamer akafukuzwa kwenye shamba la Mzungu alikofanya kazi miaka 18. Halafu 1963, jela ya Winona, kipigo. Watu walilia. Mimi leso ninayo, machozi hayaji.

Akafika 1969, shamba la ushirika alilolianzisha ili mtu mweusi asitishwe tena kwa njaa, na benki yake ya nguruwe. Ndiyo, benki ya nguruwe. Akainama, akanyanyua kitoto cha nguruwe kisichokuwepo: mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine umebana miguu ya nyuma isirushe teke. Akashuka nacho. Akapita safu ya kwanza, ya pili, akasimama mbele yangu.

"Pokea."

Nikakinga mikono.

"Akizaa, utarudisha watoto, na jirani naye apate. Sawa?"

Ukumbi kimya, unanisubiri mimi.

Sasa hiyo sisi tunaijua. Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mama alipewa mtamba wa mradi, na ndama jike wa kwanza alikuwa wa jirani, jina lilishaandikwa. Usiku ndama akahamishiwa kwa mjomba. Watu wa mradi wakaambiwa amekufa. Akawa ada yangu ya kidato cha tano. Jirani mpaka leo ananunua maziwa kwetu.

"Sawa?" mwigizaji akarudia.

Mikono ilikuwa imeanza kunitetemeka, kama vile kile kinguruwe kina uzito. Bibi mmoja pembeni yangu, nadhani alifikiri sielewi Kiingereza, akanijibia: "Atarudisha." Ukumbi mzima makofi.

Jana nikamuuliza Mama, je, siku akizaa jike?

Akanyamaza.

"Salio linaisha, mwanangu."