Jinsi nilivyoweza kukuza mwani wa barafuni

Watu wakisikia nakuza mwani wa barafuni hapa Norwe, wananipa pole ya baridi. Baridi wala si kazi, friji inatosha. Kazi ni joto. Fragilariopsis cylindrus ni diatomu, yaani mwani wa seli moja, anayeishi Aktiki na Antaktiki, majini na ndani ya barafu yenyewe. Kwenye nyuzijoto 4 hivi anastawi; mwache mezani kwenye joto la chumba, hakawii kufa.

Kwa hiyo kila kinachomgusa nakipoza kwanza. Maji mapya, chupa na pipeti vinalala frijini usiku kucha. Siku ya kumhamishia kwenye maji mapya, chupa zinakaa kwenye beseni la barafu, natia, nafunga, narudisha. Hadubini nayo ina taa inayopasha, basi kioo cha sampuli kinatoka barafuni wakati huohuo wa kutazama, na nikitaka kuandika nazima taa kwanza.

Chakula chake hakina makuu: maji ya bahari yaliyochujwa na kutakaswa, na virutubisho vya f/2, yaani naitrati, fosfeti, madini kidogo kama chuma, na vitamini. Ila silikati usiiache. Wengine huiweka kama nyongeza tu, kwa kuwa mwani mwingi hauihitaji, lakini ganda la diatomu ni silika, na ikiisha hagawanyiki hata hayo mengine yajae tele.

Mwanga mkali hautaki, amezoea ule unaopenya barafu. Taa nimeizungushia kipande cha chandarua nilichokuja nacho kutoka Tanga, tabaka juu ya tabaka. Wauzaji wa vifaa vya maabara wana vichujio vya bei mbaya kwa kazi hiyohiyo.

Hana haraka, kugawanyika mara moja kunaweza kumchukua siku mbili au zaidi. Utajua mambo yameiva maji yakigeuka kahawia, rangi ya fukozanthini, inayofunika kijani cha klorofili. Kwenye hadubini seli zinaonekana mistatili midogo iliyobanana ubavu kwa ubavu, imeungana kama utepe.

Genomu yake, yaani jumla ya vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2017, na miongoni mwa protini zake zimo zinazoshikamana na barafu na kuzuia fuwele zisikue. Friji ikizidisha ubaridi kidogo, sina presha. Ikizimika ndiyo balaa, kwa hiyo chupa za akiba ziko kwenye friji ya jengo jingine.